Moyo wa kima umebaki mtini

MASWALI KWA BIBI

Kwa miaka 31, kwanza darasani na baadaye katika chumba cha watoto cha maktaba, nimekuwa nikiwahadithia watoto ngano za watu ambao hawajawahi kuwaona. Barua za mwezi huu zimenigusa kwa sababu karibu zote zinauliza habari hiyo: namna ya kuwafundisha watoto utambaji wa hadithi wa mataifa mengine. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa wenye swali kama hilo ni wengi.

*

Shikamoo Bibi. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Nina vitabu vya hadithi za nchi mbalimbali na kila usiku nawasomea moja: leo Japani, kesho Mali, keshokutwa Urusi. Wananisikiliza dakika tano, halafu mmoja anachezea mto na mwingine amelala. Nikiwauliza hadithi ya jana ilikuwa ya wapi, hawakumbuki. Nakosea wapi? – Mama wa wawili

Marahaba, mwanangu. Usijilaumu. Mzazi anayekaa na wanawe kila usiku na hadithi mkononi ameshafanya sehemu iliyo ngumu. Ila mwendo wako ni wa kasi mno. Nchi saba kwa wiki moja mtoto hazibebi. Kwake zinakuwa majina tu, kama vituo ambavyo basi halisimami. Mimi nashauri hadithi moja kwa mwezi. Ndiyo, mwezi mzima. Mtoto hachoki kurudiwa hadithi anayoipenda, na atakusahihisha ukiruka neno.

La pili ni zito zaidi. Kitabu kimekupa maneno ya hadithi, lakini kazi ya msikilizaji kimeiacha nje, na kila mila ya utambaji niliyowahi kuifundisha ina kazi hiyo. Sisi tukisema "Paukwa!" hatuendelei mpaka tujibiwe "Pakawa!" Haiti mtambaji huuliza "Krik?" na hadhira isipojibu "Krak!" kwa nguvu, hadithi inabaki mdomoni mwake. Kwa watu wa Mande, huko Mali na Guinea, jeli, yaani mtambaji wa ukoo wa watunza habari, anaposimulia habari za Sunjata, mwasisi wa dola ya Mali, huwepo mtu kando yake wa kuitikia "naamu" mstari baada ya mstari. Mwambie mwanao wa miaka 9 neno hilo uone uso wake atakapotambua kwamba ni naam yetu hii hii. Na Korea wana pansori: mwimbaji mmoja amesimama, mpiga ngoma mmoja amekaa, basi. Mpiga ngoma huyo, na wasikilizaji pamoja naye, humtupia mwimbaji maneno ya kumtia moyo katikati ya kisa, "Eolssigu!", na kisa kinapamba moto. Sasa wewe unawasomea watoto ambao kazi yao pekee ni kunyamaza. Mtoto wa miaka 6 aliyepewa kazi ya kunyamaza atachezea mto.

Kwa hiyo weka vitabu kando kwa muda, uanze na hadithi ambayo imo ndani ya Kiswahili chenyewe: Kima na Papa. Palikuwa na mkuyu mkubwa, nusu ya matawi yake yameelekea mjini na nusu yameinamia baharini. Kima alikuwa akila kuyu juu ya mti, papa akimwomba kutoka majini, kima akimrushia. Siku zikapita, wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya bahari papa akamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwa utulivu: mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukitembea hatuchukui mioyo yetu, tunaiacha mtini. Turudi tukauchukue.

Wakarudi. Kima akapanda, akanyamaza.

Hapo na mimi hunyamaza. Sisemi neno. Nainua macho kuelekea dari kana kwamba kima yuko pale, mikono naiweka mapajani, nangoja. Mara ya kwanza watoto hudhani nimesahau. Sekunde tano, kumi. Halafu mmoja huita kwa sauti ndogo, "Kima?" Sijibu. Wawili, watatu, "Kima! Kima wee, twende!" Hawaambiwi kwamba sasa wao ndio papa, wanajikuta wameshakuwa. Hapo ndipo kima hujibu kutoka juu: unanifanya mimi punda wa dobi? Na papa, yaani watoto wote, huuliza: punda wa dobi ana nini? Ndipo hufunguka hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza, ya punda aliyetoroka kwa simba mara moja kisha akarubuniwa akarudi, na alipouawa hakuonekana kuwa na moyo wala masikio, kwa kuwa angekuwa navyo asingerudi.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuchagulia hii. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliisikia Unguja na kuichapa kwa Kiswahili mwaka 1870. Lakini ilikuwa imeshatembea zamani sana kabla ya kufika pwani yetu. Katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa Kisanskriti huko India, badala ya papa kuna mamba, na anayeutamani moyo si sultani, ni mke wa mamba: amesikia kima hula matunda matamu kila siku, akawaza moyo wake utakuwa na utamu kiasi gani. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaugeuza mkusanyiko uliotokana na huo kutoka Kiajemi cha kale kwenda Kiarabu, ukaitwa Kalila wa Dimna. Humo mamba amekuwa kobe wa majini, na mti ni mtini, mti wa tini. Kima anadondosha tini majini kwa sababu anapenda mlio wake zinapopiga maji. (Mkuyu nao ni jamaa ya mtini. Jambo dogo, lakini mimi hunifurahisha kila ninapolikumbuka.) Punda asiye na moyo wala masikio yumo humo pia, naye amesafiri ndani ya tumbo la hadithi kubwa.

Kisha kuna Korea. Hii sikuisoma kwanza, niliambiwa. Nilikuwa nimemaliza Kima na Papa maktabani, msichana mmoja ambaye familia yao ilitoka mbali akanyoosha mkono akasema, kwa kujiamini kabisa, "Bibi umekosea. Ni kobe na sungura, na si moyo, ni ini." Nikamwachia kiti changu asimulie. Mfalme wa bahari ni mgonjwa, dawa yake ni ini la sungura, kobe anatumwa nchi kavu kumdanganya sungura aje. Sungura anafika chini ya bahari, anaelezwa, naye anasema: ini langu nimeliacha nyumbani. Ni moja ya visa vitano vya pansori ambavyo bado vinaimbwa hadi leo, na huchukua saa kadhaa kuimba kikamilifu.

Kwa hiyo, mwanangu, mwezi wako ni huo. Wiki ya kwanza kima na papa, usiku tatu au nne, mpaka watoto waitike bila kukumbushwa. Ukiona wameizoea, waambie: kuna watu husema hakuwa papa. Usiwape jibu upesi, waache wakisie. Halafu walete mamba na mkewe, na baadaye sungura na kobe, kwa "Eolssigu!" safari hii, si kwa "Pakawa". Waulize kwa nini huku ni moyo na kule ni ini. Mvulana mmoja wa miaka 9 aliniambia: "Hata sisi tunasema maneno ya kukata maini, kumbe na sisi tuna huzuni kwenye ini." Sikuwa nimelifikiria hilo kamwe. Ukiwa na ramani, ifungue sakafuni, waweke kokoto mahali ambapo hadithi imesimuliwa. Nakuahidi hawatasahau ilikuwa ya wapi.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nina wanafunzi 52 na kitabu kimoja cha hadithi. Nikikisoma, wa nyuma hawaoni picha. Ningependa wajue jinsi watu wa nchi nyingine wanavyotamba hadithi, lakini sina vifaa. Nifanyeje? – Mwalimu Sauti Imekauka

Marahaba, Mwalimu, na pole na koo. Ninacho kitu kwa ajili yako, nacho kinataka boksi moja, karatasi ngumu 13 na kalamu za rangi.

Japani, miaka ya 1930, wanaume walizunguka mitaani na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye umbo la jukwaa dogo. Walifika, wakagonga vipande viwili vya mbao, ka-ka-ka, watoto wakaja mbio. Waliuza peremende kwanza, na walionunua walisimama mbele. Halafu mtambaji akaonyesha picha moja baada ya nyingine ndani ya kisanduku huku akisimulia, na akikaribia penye utamu akasimama: mengine kesho. Mchezo huo unaitwa kamishibai, yaani tamthilia ya karatasi. Televisheni ilipoingia majumbani miaka ya 1950 wenye baiskeli wakapungua sana, lakini madarasani na maktabani kamishibai ipo hadi leo.

Siri yake iko nyuma ya karatasi, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu ndipo walimu wengi wanapochanganyikiwa. Unapoonyesha picha ya kwanza, wewe uko nyuma ya kisanduku na unachokiona ni mgongo wa karatasi ya mwisho. Kwa hiyo maneno ya picha ya 1 yanaandikwa nyuma ya picha ya 13. Ukimaliza, unaichomoa picha ya 1 kwa pembeni na kuirudisha nyuma ya zote. Sasa unachokiona ni mgongo wa picha ya 1, kwa hiyo hapo ndipo yanapoandikwa maneno ya picha ya 2. Nyuma ya 2 unaandika ya 3, na kuendelea. Ukishaelewa hivyo hutahitaji kukariri wala kugeuka, uso wako unabaki kwa watoto muda wote. Mimi huandika namba mbili kwenye kila mgongo, moja ya picha na moja ya maneno, na ile ya maneno naizungushia duara.

Na kuchomoa kwenyewe ni sehemu ya hadithi. Vuta polepole ukisimama nusu, ili upande mmoja wa picha inayofuata uonekane na mwingine ufichwe: mkia unaonekana, mwenye mkia haonekani. Au chomoa ghafla, pa! Fanya mazoezi ukiwa peke yako kwanza, karatasi ngumu hukwama.

Watoto 52 ni vikundi 13 vya wanne, kila kikundi picha moja. Waambie wachore vitu vikubwa, wasiweke vitu vidogovidogo vingi, na mistari iwe minene na myeusi, kwa sababu wa nyuma kabisa ndiye tunayemfanyia kazi. Hadithi ya kuanzia ichukue Japani kwenyewe, na kwa kuwa nimeshamtaja kima hapo juu, ndugu yake yupo kule: zamani konyeza, yule mnyama wa baharini aliye kama ute, alikuwa na mifupa. Alitumwa na mfalme wa bahari kuleta kima ambaye ini lake lilihitajika kwa dawa. Njiani konyeza akaropoka siri. Kima akasema ini nimeliacha limetundikwa mtini, akarudishwa, akapanda, hakushuka tena. Mfalme alikasirika, konyeza akapigwa mpaka hakubaki hata mfupa mmoja. Ndiyo maana yuko vile. Kuna watoto watakaomwonea huruma konyeza, na wengine watakaosema alistahili. Waache wabishane, usiharakishe kuamua.

Jambo moja tu naomba: siku ya kwanza, kabla ya yote, waeleze wanafunzi kisanduku hiki kimetoka wapi na waliokitumia walikuwa nani. Wagonge mbao zao. Wajue wanashika kitu cha watu.

*

Bibi, shikamoo. Shuleni kwa mwanangu palikuwa na siku ya tamaduni. Walivalishwa manyoya kichwani, wakapakwa rangi, wakarukaruka, wakaambiwa hiyo ni hadithi ya Wahindi Wekundu. Wazazi wengi walipiga makofi. Mimi nilikosa raha, lakini sikujua niseme nini. Je, nimekuza jambo dogo? – Baba Mashaka

Marahaba, baba. Hukukuza chochote. Umeona vizuri.

"Wahindi Wekundu" ni jina walilobandikwa na wengine. Marekani kuna mataifa ya wenyeji asilia mamia kadhaa, kila moja na lugha yake au ndugu ya lugha, na hadithi zake. Ukisema hadithi ni "ya Wahindi Wekundu" ni sawa na mtu akichukua kisa cha Waakan, akachanganya na cha Wazulu, akasema ni "ya Kiafrika". Kosa hilo nami nimelifanya, na lilinifundisha. Nilihadithia kisa cha Anansi, buibui mjanja, nikasema ni hadithi ya Afrika Magharibi. Mtoto mmoja akaniuliza, "Ya nani hasa?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta nikajua ni ya Waakan wa Ghana, kwamba wao huziita ngano zao zote Anansesem, maneno ya Anansi, hata zile ambazo buibui hayumo, na kwamba waliotekwa utumwani walivuka naye bahari akafika Jamaika na anasimuliwa huko mpaka leo. Hadithi ilinenepa kwa swali lile moja. Tangu siku hiyo sihadithii kisa ambacho siwezi kutaja watu wake kwa jina lao.

Kuna na hili, ambalo wengi wetu hatukulifikiria. Si kila hadithi iko wazi kwa kila mtu na kila wakati. Kwa Wanavajo, wa kusini-magharibi mwa Marekani, visa vya koyote, mnyama wa jamaa ya mbweha, husimuliwa majira ya baridi tu. Radi ya kwanza ya majira ya kuchipua ikisikika, vinawekwa mpaka baridi irudi. Watoto huelewa jambo hili haraka kuliko watu wazima. Niliwaambia kikundi changu kwamba kuna hadithi ambayo sitawapa leo kwa kuwa wenyewe hawaisimulii sasa, na hawakulalamika; waliingoja kama watu wanaongoja mwezi uandame.

Australia nako, kwa wenyeji asilia, kuna hadithi zenye wenyewe: za wanawake, za wanaume, za ukoo fulani na ardhi yake. Asiyeruhusiwa hazisimulii. Lakini kuna namna zilizo wazi ambazo mtoto anaweza kuonyeshwa kwa heshima. Wanawake wa katikati ya Australia husimulia wakichora mchangani: alama kama kwato ya farasi ni mtu aliyeketi, kwa sababu ndiyo alama anayoiacha mtu aliyeketi mchangani. Kisa kikisonga, mkono unafuta, unachora upya. Waeleze watoto hilo, kisha uwape mchanga wabuni alama zao wenyewe za hadithi zao wenyewe. Wasiige za wale.

Kwa mwalimu wa mwanao, nenda mchana, bila ghadhabu, na ukiwa na kitu mkononi cha kumpa. Mwambie: mwakani nipe kipindi kimoja, nitawaletea hadithi ya watu tutakaowataja kwa jina. Manyoya yasiwepo. Mtoto hahitaji kujifanya mtu mwingine ili amsikilize.

*

Bibi, binti yangu ana miaka 7 na kila hadithi anauliza, "Ni kweli?" Nikisema ni uongo ananuna. Nikisema ni kweli najisikia vibaya. – Mama Njia Panda

Watambaji wa zamani walishakutatulia, mama. Wamekuwekea jibu mlangoni mwa hadithi. Sisi tunasema nini? "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Umeshamwambia mtoto kabla hajauliza. Waakan huanza kwa kutangaza kwamba hawamaanishi kwa kweli kuwa watakayosema ni kweli. Waajemi husema alikuwepo mmoja, hakuwepo mmoja. Waturuki wana yao ya namna hiyo hiyo. Waarabu nao husema palikuwa, au hapakuwa. Mfundishe binti yako vianzio hivi vyote, avichague mwenyewe usiku kwa usiku. Akiuliza ni kweli, mwambie: uliitikia nini mwanzoni?

Ila usimwambie kwamba visa vyote viko hivyo. Jeli wa Mande akisimulia jinsi Sunjata alivyoiasisi dola ya Mali katika karne ya 13, hasemi uwongo njoo. Yeye amezaliwa katika ukoo wa watunza habari, amefundishwa na baba yake aliyefundishwa na baba yake, na anaposimulia ametunza jina la watu. Ndani yake mna maajabu, ndiyo. Sunjata alikuwa mtoto asiyeweza kutembea kwa miaka mingi, mama yake akadhihakiwa, mpaka siku alipoegemea fimbo ya chuma akasimama. Binti yako wa miaka 7 akikuuliza hapo, mwambie: watu wa huko hukisimulia kisa hiki kama habari ya mababu zao, nasi tunakisikiliza hivyo. Halafu mpe kazi ya "naamu". Utaona jinsi anavyokaa wima.

*

Mwenzangu, mimi pia ni bibi. Wajukuu wangu wanakua nchi nyingine, Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Tunaonana kwenye simu Jumamosi. Nataka kuwahadithia lakini skrini ni ndogo, mimi siwezi kuruka wala kucheza, na wao hawaelewi nusu ya maneno. Je, niache? – Bibi wa Simuni

Usiache, mwenzangu, nakusihi. Na wahadithie kwa Kiswahili, hata wakielewa nusu. Chagua kisa chenye kibwagizo kinachorudi, wimbo mfupi wa maneno manne au matano, uwafundishe huo kwanza kabla ya kisa. Wakishauimba wameingia ndani, maneno mengine yatawafuata polepole. Kama huko wanakokua kuna hadithi wanazosikia shuleni, waombe wakuhadithie wewe moja kwa lugha yoyote waliyonayo, kisha wewe uwarudishie kwa Kiswahili Jumamosi inayofuata. Watasikiliza kwa makini kuona kama umeipata sawasawa.

Kuhusu skrini ndogo na kutoruka: kuna watambaji wa Japani ambao hawanyanyuki kabisa. Mchezo wao unaitwa rakugo. Mtu mmoja amepiga magoti juu ya mto mbele ya watu, ana kipepeo cha kujipepea, cha kukunja, na kitambaa cha mkono, basi, na kwa hivyo viwili anacheza watu wote wa kisa. Kipepeo kikifungwa ni kalamu, ni kasia, ni upanga. Kitambaa kikikunjwa ni barua. Na akitaka watu wawili waongee, anageuza uso: upande huu ni mtu wa kwanza, upande ule ni wa pili. Tazama jinsi inavyoafikiana na simu, ambayo nayo haionyeshi zaidi ya kichwa na mabega.

Basi iegemeze simu kwenye kitu kisichoteleza, usawa wa macho yako, dirisha liwe mbele yako na si mgongoni, la sivyo watakuona kivuli. Papa atazame kulia na juu, kwa sababu kima yuko mtini. Kima atazame kushoto na chini. Usichanganye pande, watoto hukamata hapo hapo. Na kima akishapanda, nyamaza, hata kama utadhani mtandao umekatika. Ngoja mpaka wakuite.